Kona ya Chini Kushoto

Ofisini walimwita Mama Rula, na hata mkuu wa ofisi, ambaye Mama Rula mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, alikwisha sahau kama ana jina jingine. Rula yenyewe ilikuwa ya bati, sentimita thelathini, na haikuazimwa. Ukitaka kupigiwa mstari ulikwenda mezani kwake ukasimama, ukapigiwa, ukashukuru, ukaenda zako. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na sita, hakujaliwa mtoto, na kwa miaka ishirini na miwili alifanya kazi ambayo wengi hawajui kama ipo: kusoma maoni ya watu asiowajua na kuamua wasimame wapi.

Wahoji walizunguka mitaa na hojaji zenye maswali thelathini. Viwanda vikubwa viwe mali ya nani? Mwenye nyumba apandishe kodi atakavyo? Gazeti likiisema vibaya serikali lifungwe? Hojaji ziliporudi, Mama Rula alichana ukurasa wa kwanza wenye jina na anwani, akaufungia kwenye kabati la chuma ambalo ufunguo wake aliuvaa shingoni. Alibaki na kurasa zenye namba tu. Hapo ndipo alipompa kila mtu alama kuanzia moja hadi tisa. Moja ni mrengo wa kushoto kabisa, wale wanaotaka kila kitu kigawanywe. Tisa ni kulia kabisa, wale wanaosema kila mtu na chake. Kilichotoka nje ya chumba chake kilikuwa jumla peke yake: themanini wako hapa, mia na tisa wako pale.

Alikuwa na sheria mbili, na aliyezivunja aliona cha mtema kuni. Ya kwanza, kila alama iandikwe pembeni yake namba ya hojaji kwa penseli, ili kosa likitokea ujue pa kurudi. Ya pili, jumla zikae sawa. Mwaka mmoja, katika watu mia tisa, alipungua mtu mmoja. Mama Rula alimtafuta siku mbili, chakula hakipiti kooni, mpaka alipomkuta amenasa nyuma ya mtoto wa meza. Wenzake walicheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakuona cha kuchekesha, kwa sababu kwake mtu aliyepotea kwenye hesabu alikuwa amepotea kweli.

Shida yake ilikuwa tano. Katikati ya mstari pale palifurika watu, na kadiri miaka ilivyokwenda ndivyo alivyozidi kutowaamini. Kulikuwa na yule aliyejibu "sijui" tangu swali la kwanza hadi la mwisho, huyo akapata tano. Na kulikuwa na yule aliyesema "ndiyo kabisa" huku na "hapana kabisa" kule, kwa hasira, mpaka mhoji akachana karatasi kwa penseli. Naye, ukijumlisha na kugawanya, akapata tano. Ukichanganya maji ya moto na ya baridi utapata vuguvugu, lakini mtu huyo hakuwa vuguvugu hata chembe.

Mtu wa namna hiyo alikuwa naye nyumbani. Mdogo wake wa mwisho, fundi viatu, alikaa chumba cha nyuma tangu mkewe alipochoka kubishana akarudi kwao. Mtaa mzima ulimwita Mbishi. Mama Rula ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufa, akamfunga kamba za viatu, akamchapa, akamtetea kwa walimu. Alimpenda kupita kiasi na hakuwahi kumwambia. Mbishi alishona viatu barazani huku akisema, na akianza kusema alikuwa na mdomo wa watu wanne. Nyumba za matajiri wagawiwe wapangaji. Hospitali iwe ya wote. Halafu, kabla chai haijapoa, serikali imwondokee, asiandikishwe, asiulizwe anakwenda wapi, na kila mwenye mhuri mkononi ni mwizi mtarajiwa.

"Sasa wewe uko upande gani hasa?" dada yake alimwuliza siku moja.

"Upande wangu."

"Upande wako haumo kwenye karatasi yangu."

"Basi karatasi yako ndogo, dada."

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Wiki ileile, katika rundo la hojaji mia sita na kumi na mbili, alifika namba 204. Swali la barabara lilikuwa limejibiwa hivi: "Serikali ijenge barabara halafu inipishe nipite." Hakuhitaji kufungua kabati kujua nani kasema. Akajumlisha, akagawanya, akapata tano. Mbishi, aliyekuwa tayari kugombana na ukuta, alikuwa amekalishwa kiti kimoja na watu wa "sijui". Mama Rula aliona haya, utadhani yeye ndiye aliyemtukana.

Akachukua karatasi kubwa ya miraba. Mstari wake wa zamani akaulaza, kushoto hadi kulia, kwa maswali ya mali tu: nani amiliki, nani agawiwe. Kisha akapiga mwingine, uliosimama, ukaukata ule wa kwanza katikati. Huu ulikuwa wa maswali ya amri. Juu wakae wanaotaka mkono wa chuma, kila kitu kwa kibali na anayepinga anyamazishwe. Chini wakae wanaotaka kuachwa waseme, waabudu na watembee wapendavyo. Ilimchukua siku sita kuweka nukta zote, kila nukta na namba yake ndogo pembeni, kama sheria ilivyotaka.

Rundo la katikati lilitawanyika mbele ya macho yake. Tajiri aliyetaka wagomaji wapigwe virungu na maskini aliyetaka matajiri wapigwe virungu, ambao miaka yote walikaa ncha mbili za mstari wakinuniana, walikuwa wamesimama juu kabisa, kimo kimoja. Mama Rula alicheka peke yake kwa sauti, kitu ambacho chumba kile hakikuzoea. Na kwenye kona ya chini kushoto, walikokaa wanaotaka kugawana na hawataki kuamriwa, akaiona 204 katikati ya wenzake. Akawahesabu: arobaini na mmoja. Akaandika 41 kwa penseli.

Nyumbani alimwambia Mbishi kuwa hayuko peke yake duniani, ana wenzake arobaini.

"Arobaini wengine?" Mbishi aliacha sindano ndani ya soli. "Wanakaa wapi nikawape mkono?"

"Siwajui. Najua namba."

"Na ukiweka mstari wa tatu? Wanaopenda watu na wasiopenda watu?"

"Karatasi ina pande mbili tu, wewe."

"Mimi sisemi kitu," alisema Mbishi, na akaendelea kusema mpaka giza likaingia. Mama Rula alilala akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo tangu mumewe afariki.

Mkuu wa ofisi alipoiona karatasi alishika kichwa. "Mama, hapa umetisha," alisema. "Miaka yote tulikuwa tunawapima watu kwa jicho moja." Akaibandika ukutani chumbani kwake, akaiandikia taarifa na kuipeleka kwa wakubwa. Alikuwa kijana mwenye bidii, mwepesi wa kusifu na mwepesi wa kuogopa, na Mama Rula alimpenda kwa hilo la kwanza. Hakuna aliyekumbuka kwamba jumla zilizokuwa zikitoka nje ya chumba hazikuwa na namba za watu, na kwamba karatasi hii ilikuwa nazo zote.

Wageni walifika baada ya siku nne. Walikuwa wawili, mmoja mrefu na mmoja wa miwani, na walitoka kwenye lile jengo lenye geti la kijani ambalo watu walipolipita walibadili mazungumzo. Mama Rula aliitwa aeleze. Akaeleza vizuri, maskini, kwa fahari ya fundi anayeulizwa kazi yake. Hawa wako juu kwa sababu hii, hawa wako chini kwa sababu hii. Yule mrefu alisikiliza mpaka mwisho, akatoa kalamu nyekundu mfukoni na kuizungushia duara kona ya chini kushoto.

"Hivi vinamba ni nini?"

"Namba za hojaji," alisema Mama Rula.

"Na majina yapo?"

Alimtazama mkuu wa ofisi. Mkuu wa ofisi alikuwa anatazama sakafu. "Yapo," akasema, kwa kuwa ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni kwake mbele ya macho ya watu wote.

"Kesho kutwa saa nne tunakuja kuichukua karatasi hii, na majina ya hawa wa kwenye duara. Tunataka kuwafahamu tu."

Mtaa wa pili alikaa mpiga chapa mmoja ambaye mwaka uliotangulia alichukuliwa ili afahamike. Alirudi baada ya miezi saba, sikio moja limekufa, na tangu hapo hakutoa maoni juu ya lolote, hata juu ya mvua. Mama Rula alimfahamu kwa sura. Wageni walipotoka alifunga mlango, akamwita mkuu wa ofisi kwa lile jina alilomwita zamani wakiwa peke yao.

"Mwanangu, hatuwezi kuwapa hii. Tuliwaahidi watu siri."

"Mama, andika tu."

"Nikikataa?"

"Watavunja kabati, wachukue wote mia sita. Nawe utakwenda nalo." Alikwisha shika kitasa cha mlango. "Nina watoto, mama. Andika tu."

Siku iliyofuata, wenzake walipokwenda kula, Mama Rula alibaki. Hakutafuta namna ya kuwaokoa watu arobaini na mmoja, tusimpambe. Alimtafuta mmoja. Alichukua hojaji ya 204, akafuta majibu manne kwa ufutio, akaandika mengine, akaifuta nukta ya mdogo wake na kuihamishia katikati, kwa watu wa "sijui". Alijua Mbishi angeona ni tusi. Afadhali tusi, alijiambia, kuliko lile geti.

Kisha akahesabu kona. Arobaini.

Mtu mwingine angeishia hapo, akaenda kunywa chai. Lakini Mama Rula alitazama ile 41 aliyoiandika mwenyewe, akaikumbuka taarifa ya mkuu wa ofisi ambayo nayo ilisema arobaini na mmoja, akamwona akilini yule mrefu akihesabu kwa ncha ya kalamu, moja moja, na kuuliza wa mwisho yuko wapi. Aliona jinsi watakavyorudi nyuma, kwa sababu yeye angerudi nyuma. Wangeanzia kwenye alama za ufutio. Wangefika kwa 204 kabla ya jua kuzama. Jumla haikukaa sawa, na jumla isiyokaa sawa haimwachi mtu alale.

Akapitisha rula kwenye mpaka wa duara. Juu yake kidogo, mraba mmoja tu, ilikaa nukta namba 388. Akafungua hojaji hiyo. Swali la kumi na moja: mtu akatae amri anayoiona mbaya? Mhojiwa alijibu hapana. Ilitosha kubadili jibu hilo moja. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wa mtu aliyezoea kusahihisha, na nukta ikashuka ndani ya duara.

Lakini orodha ilitaka majina, na majina yalikuwa kabatini. Alipofika kwa 388 alifunika nusu ya ukurasa kwa kiganja, kana kwamba kutosoma kungemsaidia mtu. Hatimaye akauondoa mkono. Mwanamke, miaka ishirini na tisa, fundi cherehani wa sare za shule, anaishi na mama yake. Anwani ilikuwa safari ya dakika kumi kwa miguu kutoka nyumbani kwake. Halafu akaandika yote kwa mwandiko wake mzuri, mstari wa arobaini na moja.

Kesho yake saa nne wageni walichukua karatasi na orodha. Yule wa miwani aliikunja mara nne, akaikunja tena, bila kuitazama, na kuisokomeza kwenye mkoba. Mama Rula aliumia kuona karatasi ya siku sita inakunjwa hivyo, kisha akajichukia kwa kuumia na kitu kidogo namna ile.

Aliomba ruhusa mapema akarudi nyumbani. Mbishi alikuwa barazani na kiatu cha mtu magotini.

"Dada, unaumwa?"

Akakaa kwenye kigoda cha wateja. Alikuwa amekata shauri kutosema, na akasema yote, tangu kalamu nyekundu hadi swali la kumi na moja. Mbishi alisikiliza bila kukatiza, na hilo peke yake lilimtisha dada yake kuliko geti la kijani.

"Umenitoa," alisema hatimaye.

"Nimekutoa. Uko salama."

"Ukaweka nani?"

"Mtu mmoja. Alikuwa mpakani."

"Mtu gani?"

"Mshona sare." Aliona uso wa Mbishi unabadilika, akaharakisha. "Ningefanyaje? Hesabu ingepungua! Wangerudi wakatafuta!"

"Dada." Mbishi alikitua kiatu chini taratibu. "Yeye alisema hapana. Aliulizwa kama mtu akatae amri, akasema hapana. Huyo hata kubishana hajui."

"Wewe ndiye mdogo wangu. Yeye si mtu wangu."

"Ndiyo hivyo wanavyosema hata wao, wale wa juu kwenye karatasi yako."

Mama Rula alilia. Mbishi hakumbembeleza. Aliingia ndani, akatoka amevaa shati la mikono mirefu ambalo alilivaa kwenye misiba, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Dada yake alimshika mkono. Alimwambia asiwe mjinga, alimwambia yeye ndiye aliyemlea, alimwambia mama angesema nini. Mbishi alimtoa vidole kimoja kimoja, kwa upole, akaanza kutembea. Mama Rula akamfuata mbiombio na viatu vya kazini miguuni, akimwita kwa jina lake la utotoni mbele ya watu.

Kwenye geti waliambiwa wasubiri, kisha wakaingizwa chumba chenye meza moja na benchi. Yule mrefu alikuwa anakula karanga. Alimtambua Mama Rula, akamkaribisha vizuri tu.

"Kuna mtu mmoja kwenye orodha yenu ambaye si wa humo," alisema Mbishi. "Namba 388. Nafasi ile ni yangu. Mtoeni, mniandike mimi."

Yule mrefu alipangusa mikono, akatoa orodha kwenye faili. Alimwuliza jina, kazi na nyumba, akayaandika chini kabisa, baada ya mstari wa mwisho. Akaweka kituo.

"Na yule mtoe," alisema Mama Rula. "Mimi ndiye niliyekosea. Arobaini na mmoja ndiyo hesabu yenyewe, mkimwongeza huyu bila kumtoa yule haitakaa sawa."

"Hesabu gani, mama?"

"Arobaini na mmoja. Wa kwenye duara."

Yule mrefu aligeuza karatasi akaitazama kama mtu anayeiona mara ya kwanza. "Kumbe ni arobaini na mmoja," alisema. "Sikuhesabu. Kwetu hata wangekuwa thelathini, sawa tu. Hata hamsini." Akachukua karanga nyingine. "Vijana walitoka na kopi yake tangu saa sita. Nadhani wameshaanza na walio karibu."

Mama Rula alishika ukingo wa meza. Angeiacha kona na watu arobaini, hakuna mtu katika jengo zima ambaye angeuliza. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa akimhitaji yule wa arobaini na moja.

Mlango wa pili ulifunguliwa na mtu akamwonyesha Mbishi aingie. Mbishi alisimama. Kwa mara ya kwanza tangu barazani alimtazama dada yake usoni, na hakuwa na hasira.

"Nenda kwa mama yake," alisema. "Asikae anasubiri bila kujua."

Mama Rula alitembea zile dakika kumi kwa nusu saa. Nyumba ilikuwa na mlango wa bluu, na ndani, karibu na dirisha, kulikuwa na cherehani na kitambaa cha sare kikiwa bado chini ya sindano, mshono umefika nusu. Mwanamke mzee alimfungulia kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa anatabasamu.

"Karibu, karibu. Kama umefuata sare, binti yangu hayupo. Wamekuja watu wawili mchana huu, wana kazi kubwa ya shule nzima, wamemchukua na gari akawapimie watoto. Amefurahi! Hata chakula hakumaliza." Akachungulia barabarani nyuma ya Mama Rula, kisha akamtazama nguo zake za ofisini na kalamu mfukoni. "Au wewe umetoka kwao?"

"Ndiyo, mama," alisema Mama Rula. "Nimetoka kwao."